Namba ya Jaskal

Imeli ilimkuta Kalekye akiwa amepiga magoti sakafuni, anakata turubai la kivuli cha mkahawa. Simu ililia mezani, hakuinuka. Alimaliza mkato wake, akaweka mkasi chini, ndipo akasoma.

Ilitoka Kigali, kwa kampuni iliyokuwa na kliniki nyingi za mashambani. Iliandikiwa Jaskal Limited, ambayo ni kampuni yake, na haikuanza na salamu. Invoisi ya mahema thelathini ilikuwa imekataliwa na mtambo wao wa kompyuta kwa mara ya tatu. Namba ya kodi iliyokuwa kwenye invoisi haikulingana na ile ambayo muuzaji alijiandikisha nayo. Muuzaji alipewa siku tano za kazi kurekebisha, la sivyo mkataba wote wa mahema mia moja na ishirini ungevunjwa.

Kalekye hakuwa na mkataba wowote Kigali. Hakuwa ameshona hema hata moja kwa miaka miwili. Chumba chake hapo Adams Arcade, juu ya duka la dawa, kilikuwa na cherehani mbili, na kazi yake siku hizi ilikuwa vivuli vya mikahawa na mifuniko ya magari.

Alisoma tena, polepole. Chini kulikuwa na namba ya kodi ya muuzaji, ile aliyojiandikisha nayo. Alisimama, akaenda kwenye cheti cha PIN, hiyo namba ya kodi, alichokuwa amekibandika ukutani, akailinganisha herufi kwa herufi. Ilikuwa yake.

Halafu akafungua picha zilizoambatanishwa. Mahema ya rangi ya majivu, yamepangwa safu kwenye uwanja wenye udongo mwekundu. Akavuta picha moja kwa vidole mpaka kona ya hema ikajaa kioo cha simu. Mshono ulikuwa umekunjwa mara mbili na kugeuzwa ndani, usiruhusu maji. Kona hiyo aliibuni yeye mwenyewe, mwaka ambao mvua kubwa iliharibu mahema ya wateja wao wa kwanza.

"Jaswinder," alisema peke yake.

Jaskal lilikuwa jina la wanawake wawili: Jaswinder na Kalekye. Waliifungua kampuni wakiwa na miaka thelathini na kitu, kwenye karakana ya marehemu baba yake Jaswinder kule Ngara. Jaswinder alitafuta wateja, akasafiri, akabembeleza mameneja wa hoteli. Kalekye alichora, akakata, akafundisha washonaji. Walifanya hivyo miaka kumi na sita.

Ilivunjika kwenye chakula cha mchana nyumbani kwa Jaswinder, Kitisuru. Wageni walikuwa wenye kambi za kitalii, na mmoja aliuliza nani kashona mahema mazuri namna hii. Jaswinder alimshika Kalekye bega, akacheka, akasema, "Huyu ndiye fundi wangu." Kalekye alingoja asahihishe. Hakusahihisha. Aliweka sahani chini, akatembea mpaka geti, na tangu siku hiyo wakawa wanaongea kupitia mawakili.

Mawakili waliwagawanya kwa mwaka mzima. Kalekye alibaki na kampuni yenyewe: jina, PIN na historia yake yote ya kodi. Jaswinder alibaki na karakana, cherehani ishirini na wateja. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyepata nyama. Miezi mitatu baadaye Jaswinder alisajili kampuni nyingine, akaiita Jaskal Safari. Wakili alimwambia Kalekye kupigania jina kungemgharimu zaidi kuliko jina lenyewe, naye akaliacha.

Mchana huo huo alikwenda mjini, Barabara ya Biashara, kwa Huzefa. Huzefa alikuwa mhasibu wa kodi mwenye ofisi ndogo juu ya maduka ya vitambaa, mtu mkavu asiyependa porojo. Alisoma imeli, akavua miwani, akaifuta.

"Mama, kaa kwanza. Na usinifokee mimi, si mimi niliyefanya."

"Sijafoka."

"Bado." Aligeuza kompyuta ili Kalekye aone. "Invoisi ya elektroniki inayotoka hapa Kenya inabeba PIN ya kampuni inayoitoa. Mtambo unaiweka wenyewe, huwezi kuichezea. Kwa hiyo hizi invoisi tatu zina PIN ya Jaskal Safari, ya rafiki yako."

"Si rafiki yangu."

"Ya huyo mtu. Sasa, kule kwa mteja kuna orodha ya wauzaji. Kujiandikisha huko unajaza mwenyewe, kwa mkono. Hapo mtu aliandika PIN yako na cheti chako akakiweka. Imeli iliyo kwenye cheti ni yako, ndiyo maana wamekuandikia wewe. Kompyuta ya Kigali inapokea invoisi, inatafuta namba, inakuta hazifanani, inakataa. Ndiyo kazi yake."

"Cheti changu alikitoa wapi?"

"Alikuwa mkurugenzi miaka kumi na sita. Nakala anazo."

"Na kwa nini afanye hivyo? Ana PIN yake."

Huzefa alifungua tangazo la zamani la tenda hiyo na kumwonyesha mstari mmoja kwa kidole. Walitaka kampuni iliyolipa kodi angalau miaka kumi. Jaskal Safari ilikuwa na miaka miwili.

"Kwa hiyo ameazima miaka yangu," Kalekye alisema.

"Kuazima ni kuomba. Hakuomba." Huzefa alirudisha miwani usoni. "Na kuna jambo baya zaidi. Walimlipa malipo ya awali. Kwenye rekodi za Kigali, pesa hizo ziko chini ya namba yako. Siku watu wa kodi wa nchi mbili wakilinganisha karatasi, atakayeulizwa ni wewe. Waandikie. Usingoje."

Kalekye hakwenda kuandika. Alivuka barabara za mjini kwa miguu, jua likimchoma utosini, mpaka Ngara.

Karakana ilikuwa vile vile, na harufu ile ile ya nta na mafuta ya mashine. Jaswinder alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia, nywele zake nyeupe zimefungwa fundo nyuma, kikuku cha chuma mkononi. Aliinua macho.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Umewapa Kigali namba yangu."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Washonaji kumi na wawili walikaa mikono ikiwa juu ya vitambaa. Musili, msimamizi wao, mwanamume wa makamo ambaye Kalekye alimfundisha kushika mkasi, aliinuka nusu akakaa tena.

"Twende ofisini," Jaswinder alisema.

"Tunaongea hapa hapa. Umeandika PIN ya Jaskal Limited kwenye tenda. Umeiba."

"Chunga mdomo wako. Hapa ni kwa baba yangu."

"Na hiyo namba ni ya baba yako?"

"Namba!" Jaswinder alipiga meza, kikuku kikalia. "Namba ni namba tu, Kalekye. Hii miaka unayoililia, nani aliitafuta? Nani alilala viwanja vya ndege? Nani aliweka nyumba rehani wakati wewe ulikuwa unachora kona zako? Nusu ya miaka hiyo ni yangu, na hakuna karatasi itaniambia si yangu."

"Karatasi ulitia sahihi."

"Kwa sababu ulinikaba shingo na wakili wako! Ulitaka jina ukae nalo tu. Umelifanyia nini? Unashona vivuli vya wauza kahawa."

Kalekye alitaka kusema jambo la kumchoma, na jambo lilikuja, akalisema. "Mume wako angekuwa hai angeona haya."

Jaswinder aliuelekeza mkono mlangoni.

"Toka," alisema kwa sauti ya chini. "Nitatuma barua. Utatia sahihi, kwamba namba iliandikwa kimakosa na huna neno ikibadilishwa. Halafu usikanyage hapa tena."

"Sitii sahihi uongo."

Alikuwa amefika mlangoni Musili alipomfuata. Kalekye alidhani anamsindikiza. Hakuwa anamsindikiza.

"Mama," Musili alisema, "mahema tisini bado hayajashonwa. Huo mkataba ndio mishahara yetu mpaka Desemba. Ukitaka kumchoma huyu, sawa, mambo yenu. Lakini ukiandika hiyo barua, njoo kwanza utuangalie usoni sisi wote, mmoja mmoja."

"Mimi ndiye nimeibiwa, Musili."

"Na sisi tutakula nini? Haki yako?"

Aligeuka akarudi ndani. Cherehani zikaanza tena kabla Kalekye hajafika barabarani.

Alhamisi, Jaswinder mwenyewe ndiye aliyekuja Adams Arcade. Alipanda ngazi akihema, akatazama chumba: cherehani mbili, marundo ya vipande, birika la chai kwenye jiko la gesi. Hakusema kitu kuhusu chumba, na kunyamaza kwake kulimuuma Kalekye kuliko tusi.

Aliweka karatasi mezani. "Soma."

Kalekye alisoma akiwa amesimama. Barua ilisema kwamba karani wa Jaskal Safari, Selpher, aliandika namba isiyo sahihi bila kujua, na kwamba Jaskal Limited haina pingamizi.

"Selpher ni yupi? Yule msichana wa mapokezi?"

"Ndiyo."

"Ameanza kazi lini?"

Jaswinder aliisogeza karatasi karibu naye.

"Ulijiandikisha Septemba mwaka jana. Iko kwenye imeli. Selpher ameanza lini, Jaswinder?"

"Januari."

"Kwa hiyo unamtwika mtoto wa watu kosa la wakati hajakujua."

"Hatadhurika. Ni barua tu. Kigali hawamjui, hawatamtafuta. Wanataka mtu mmoja awe na kosa ili mtambo wao ufungue mlango." Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na kwa mara ya kwanza alionekana mwanamke wa miaka hamsini na sita. "Kalekye. Siku mbili zimebaki. Turubai yote nimeshanunua. Nikipoteza huu mkataba, benki inachukua karakana. Unaelewa? Karakana ya baba."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Kalekye alifikiri. "La."

"Basi."

"Lakini ningekataa nikiwa najua. Ungeniachia hilo."

Jaswinder alisimama. Uchovu ule ulimtoka usoni, na alichobaki nacho kilikuwa hasira. "Miaka kumi na sita nimekulisha. Ulikuja Ngara na begi moja. Leo unanihesabia miezi ya msichana wa mapokezi. Huna hata aibu."

Kalekye alikwenda mlangoni, akaufungua mpaka ukagonga ukuta. Mtu wa duka la dawa alichungulia kutoka chini. Jaswinder alishuka ngazi akishika ukuta, na barua yake akaiacha mezani.

Ijumaa asubuhi Kalekye aliketi kuandika. Aliandika ya kwanza kwa hasira, upesi. Alisema aliyejiandikisha ni tapeli, hana uwezo, na mahema aliyopeleka hayafai kuaminiwa. Aliisoma, na akajua kwamba ingetosha. Sentensi hiyo ya mwisho ingefunga karakana ya Ngara kabla ya mwezi kwisha.

Alifungua tena ile picha ili aiambatanishe. Aliivuta kwa vidole. Kona ilikuwa imekunjwa sawasawa, uzi umezama pale unapotakiwa kuzama, umbali wa mshono hadi mshono haukupotea hata mara moja. Kazi ya Musili hiyo. Alimtafutia kosa kwenye hema la kwanza, la pili, la saba. Hakuliona. Mvua yoyote ya kule milimani isingepita hapo, na wagonjwa wangelala pakavu.

Alifuta barua yote akaanza upya. Hii ilimchukua saa mbili, ingawa ilikuwa fupi.

Aliandika kwamba PIN waliyo nayo kwenye orodha yao ni ya Jaskal Limited, na kwamba Jaskal Limited haikuomba tenda hiyo, haikutia sahihi mkataba, wala haikupokea malipo yoyote. Aliyeiandika ni mkurugenzi wa Jaskal Safari, bila ruhusa, na si karani wala si mfanyakazi mwingine yeyote. Aliomba malipo ya awali yaondolewe kwenye namba yake na kuandikwa kwenye PIN ya Jaskal Safari, ile iliyo kwenye invoisi. Kisha aliandika: mahema thelathini mliyopokea yameshonwa na Jaskal Safari, na mkiyapokea chini ya namba yake sahihi hamtakuwa mmekosea, kwa sababu ni mahema mazuri. Washonaji wake nawajua. Niliwafundisha mimi.

Alimtumia Huzefa kwanza. Huzefa alipiga simu.

"Hii sentensi ya mwisho ya nini? Inamsaidia."

"Ni kweli."

"Kweli nyingine si lazima ziandikwe, mama."

"Ile nyingine umeniambia niandike. Na hii naandika."

Akaituma saa sita na dakika kumi.

Jibu lilikuja Jumatano iliyofuata, kwa simu ya video. Afisa ununuzi wa Kigali alikuwa mwanamke mwenye sauti baridi, na upande wa pili wa kioo Jaswinder alikuwa ndani ya ofisi yake ya Ngara, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Afisa hakuwauliza habari zao za zamani. Alisoma uamuzi. Mahema thelathini yangelipwa, mara Jaskal Safari itakapojiandikisha kwa PIN yake yenyewe na kutuma invoisi upya. Malipo ya awali yangehamishwa kwenye namba hiyo. Mahema tisini yaliyobaki yalikuwa yamefutwa. Jaskal Safari isingeruhusiwa kuomba tenda kwao kwa miaka mitatu.

"Tutatangaza upya hayo tisini," afisa alisema. "Jaskal Limited inaweza kuomba, kama ina uwezo. Mna swali?"

"Sina," Jaswinder alisema.

"Sina," Kalekye alisema.

Afisa alikata. Wakabaki wawili tu kwenye kioo, kila mmoja kwenye kisanduku chake.

"Umeridhika?" Jaswinder aliuliza.

"La."

"Ulisema ni mahema mazuri. Ulitaka nikushukuru?"

"Sikukuandikia wewe."

"Sikushukuru," Jaswinder alisema. "Nataka ujue hivyo. Hata nikifa, sikushukuru." Na kisanduku chake kikazima.

Benki haikuchukua karakana mwezi huo. Pesa za mahema thelathini ziliziba tundu, lakini Jaswinder aliuza cherehani nane na kuwaachisha kazi washonaji saba. Kalekye alizisikia habari hizo kwa Huzefa, aliyezisikia kwa mtu mwingine wa Biashara. Usiku hakulala vizuri. Mchana alijaza fomu za tenda ya Kigali, kila kisanduku mara mbili, na penye namba ya kodi aliiandika, akaenda ukutani kuitazama, akarudi akaisoma tena.

Aliposhinda hakumwambia mtu. Mahema tisini, kwa cherehani mbili na mikono yake mwenyewe, yangemchukua zaidi ya mwaka, na alipewa miezi minne. Alichukua mkopo. Akakodi chumba cha pili kwenye korido hiyo hiyo, akanunua cherehani za mitumba.

Nne kati ya hizo zilikuwa za Ngara. Alizitambua zilipopandishwa ngazi, akamlipa dalali.

Siku mbili baadaye Musili alikuja. Alisimama kwenye korido, kofia mkononi, na nyuma yake walikuwa wanawake watatu na mwanamume mmoja, wote kutoka wale saba. Hakuna aliyesalimia. Kalekye alitoka akawatazama usoni, mmoja mmoja, na ilimchukua muda, kwa sababu mmoja wa wale wanawake alikataa kuyaondoa macho yake ukutani.

"Nimesikia unatafuta watu," Musili alisema.

"Natafuta."

"Sijakuja kwa sababu nakupenda."

"Najua."

"Huyu hapa watoto wake walirudishwa nyumbani kwa karo. Wiki tatu. Kwa sababu ya barua yako."

Kalekye alitaka kusema kwamba haikuwa barua yake iliyoanza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama yule mwanamke, ambaye bado alikuwa anatazama ukuta, akayameza.

"Malipo ni kila Ijumaa," alisema. "Na kwenye karatasi ya mkataba kila mtu ataandikwa kwa jina lake na PIN yake. Asiye nayo, Huzefa atamsaidia, bure."

"Tunazo," Musili alisema. "Sisi si wajinga."

"Sijasema nyinyi ni wajinga."

"Tunaanza lini?"

"Kesho. Saa mbili kamili."

Musili alivaa kofia yake. Wale wengine walianza kushuka ngazi, na yeye akabaki nyuma kidogo, akichungulia ndani ya chumba kipya, kwenye cherehani zilizopangwa karibu na dirisha.

"Ile ya mwisho inaruka mshono," alisema. "Inaruka tangu zamani. Usimpe mtu mgeni." Kisha akashuka bila kuaga.